Kobe Nyuma ya Gurudumu

Kwa miaka mitatu Verlyn, fundi bomba wa mji mdogo huko Minnesota, alidamka kila Jumamosi ya mwezi Juni akaenda kulala kifudifudi kando ya bwawa, darubini shingoni, akitamani kumwona kobe akitaga. Hakuambulia kitu ila kuumwa na mbu. Akirudi, mkewe Ardis humwuliza, "Leo mmesalimiana?"

Jumapili moja walikuwa wakienda kwenye chakula cha pamoja kanisani, Ardis amekumbatia bakuli lake la viazi na nyama, bado la moto. Verlyn akafungua mlango wa pikapu, akaganda. Nyuma ya gurudumu, kwenye kokoto, kobe mkubwa kama sinia alikuwa amechimba shimo na anataga.

"Mke wangu," alinong'ona, "hatuondoki."

"Mfukuze huyo."

"Akishaanza hafukuzwi. Nipe nusu saa."

"Nusu saa? Bakuli langu lisipoonekana mezani, yule Lavonne wa kanisani atatangaza kwamba nimeunguza tena."

 Verlyn alikwishalala kifudifudi, na suti yake ya Jumapili. Ardis akachungulia ili apate la kumcheka. Yai jeupe la mviringo likadondoka, na kobe akalisogeza taratibu kwa mguu wa nyuma, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Ardis akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyumba, akafunua bakuli.

"Kumi na tatu," Verlyn alisema baada ya muda.

"Kumi na nne," Ardis akamsahihisha, mdomo umejaa viazi. "Na punguza sauti, mwenzako yuko kazini."