Kidole Changu na Maboga ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, kidole changu kimoja kiliogopwa na nyumba nzima. Ni hiki cha shahada cha mkono wa kulia, ninachoshikia chaki leo. Kila mwaka nikifika kwenye hatua za uchunguzi wa kisayansi, somo la mwanzo kabisa la Biolojia ya kidato cha kwanza, nakitazama na kukumbuka kesi yake.

Nafundisha katika shule moja ya huku Nyakato. Wanafunzi wangu wanazijua hatua zote: tambua tatizo, kisia jibu, fanya jaribio, angalia, hitimisha. Wanazitiririsha kwa Kiingereza bila hata kumeza mate. Halafu nawauliza, "Sasa, mmejuaje kwamba mbegu inahitaji maji?" Darasa zima linajibu, "Madamu umesema." Kuna siku najibiwa hivyo natamani niweke chaki mezani niende nyumbani nikalale.

Likizo zangu nilizimalizia ng'ambo ya ziwa, Busisi, kwa bibi mzaa mama. Mama alinivusha kutoka Kigongo kwa kivuko, akaniacha na kurudi mjini kazini. Bibi aliishi na Kulwa, binti wa mjomba, aliyenizidi umri kidogo na ujuaji sana. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la maboga. Mwaka ninaousema nilikuwa ndio kwanza nimejua kuhesabu, na nilihesabu kila kitu: kuku, mawe, vifungo vya mashati ya wageni. Nikaingia shambani, nikaanza kuyahesabu maboga machanga, kidole mbele.

"Bibi! Minza anasonta maboga!" Kulwa alipiga yowe utadhani ameona nyoka.

Bibi alikuja akikimbia. "Boga changa halisontwi, mjukuu wangu, linaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi. Haya, ng'ata hicho kidole haraka."

Niliking'ata mpaka machozi yakanitoka, lakini haikusaidia. Siku chache baadaye maboga yale yakawa ya njano, yakalainika, yakaanguka moja moja. Bibi hakunipiga. Alisema tu nisikanyage tena shambani, na hilo liliniuma kuliko fimbo, kwa sababu kila asubuhi yeye na Kulwa waliingia kule na beseni, wakiongea na kucheka, na mimi niliachiwa ufagio. Walichuma majani ya maboga pamoja na maua. Maua yenye kitoto cha boga chini yake Bibi aliyaacha. Yasiyo na kitoto aliyaita maua ya bure, na aliyachuma yote. Aliyapika na majani kwa karanga, na sufuria ile nilikuwa naikwangua mimi.

Nikafikiri kwa akili yangu ya utoto. Kama muuaji ni kidole, basi maboga ya nyuma ya mawe makubwa, ambayo sikuwa nimefika hata siku moja, yatakuwa mazima. Nikamuuliza Kulwa. Akasema nayo yanaanguka. Nilimkimbilia Bibi kwa furaha, maana niliona kesi imekwisha.

"Bibi, hata yale nisiyoyaona yameoza!"

Bibi alinitazama kwa huruma. "Basi uliyaota," akasema.

Ndotoni nako nilikuwa na kidole!

Jirani yetu, Mzee Malale, alikuwa na maboga pia. Mke wake alichuma majani tu, maua hakuyapenda. Nilimwomba Bibi aniruhusu nikasonte boga moja la Mzee Malale, tuone. Uso wake ulibadilika. Alinivuta ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

"Neno hilo lisitoke nje ya boma hili. Likioza, atakayeulizwa si wewe. Ni mimi."

Sikuelewa. Leo naelewa vizuri sana ajuza anayeishi na wajukuu tu anaweza kuitwa nani na majirani, na kwamba jaribio ambalo kwangu lilikuwa mchezo, kwake lingeweza kumfukuzisha kijijini. Lakini wakati ule nilichoona ni kwamba nimehukumiwa na nimenyimwa kujitetea. Nikiwa natoka kuchota maji niliingia kwa Mzee Malale, nikachagua boga changa lenye kovu karibu na kikonyo, nikalisonta mpaka mkono ukachoka. Kila nikienda majini nililichungulia. Lilinenepa tu. Likawa kubwa kuliko kichwa changu, na sikuwa na wa kumwambia.

Likizo ikikaribia kuisha, Mzee Malale akaja na boga begani, zawadi ya mjukuu wa mjini. Kovu nililiona kabla hajalitua. Bibi akalichemsha, tukakaa kula. Lilikuwa tamu ajabu. Nilitafuna ushahidi wangu mdomoni nikajitahidi kunyamaza, nikashindwa.

"Hili nililisonta! Nililisonta likiwa changa, na halikuoza!"

Nilitegemea Bibi acheke, anikumbatie, anirudishe shambani. Alininyang'anya kipande mkononi. Alikusanya sahani zote, akawamwagia kuku boga lote, kisha akatunawisha mikono mimi na Kulwa kana kwamba tumeshika sumu. Kuku walikula wakashiba, wakaendelea kutaga. Hakuna aliyelihesabu hilo. Nilivuka ziwa kurudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo, nadhani, ndiyo iliyonifikisha chuo cha ualimu.

Sekondari ndiko nilikojua kwamba boga lina maua dume na maua jike. Maua ya bure ya Bibi ndiyo madume yenyewe, na nyuki asipopata chavua humo, kitoto cha boga kinanyauka chenyewe. Tulikuwa tunakula baba zao kwa karanga! Nilitaka kwenda kumwambia Bibi siku ileile, lakini nilipofika kwake niliogopa kuligusa lile jambo. Nililikalia miaka mingi. Mwaka jana ndipo nilipomwambia, nikamchorea hata maua kwenye mchanga.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni sufuria yangu," akasema. Kisha, "Kama umesema wewe uliyesoma, basi."

"Hapana, Bibi, usiniamini hivyo! Upande mmoja chuma maua, upande mwingine yaache. Uone mwenyewe."

"Nisipokuamini unalia, nikikuamini unagomba. Nikufanyeje, Minza?"

Mwaka huu likaja gunia kutoka kwa Bibi kwa basi, nikalipokea stendi ya Buzuruga. Maboga matupu, makubwa. Nikampigia simu palepale, katikati ya kelele za wapiga debe.

"Shikamoo Bibi. Uliacha maua upande gani?"

"Marahaba. Pande zote! Si madamu amesema?"

Nikafumba macho. Hakuna upande wa kulinganisha, hakuna jaribio, hakuna kitu. Nilianza kumweleza upya, kwa sauti ya darasani, na nilijisikia kupandwa na hasira zilezile za ufagio. Akanikatiza.

"Wee, acha hayo. Umeona maboga? Kidole chako kimepona, mjukuu wangu. Kila mwaka nilipokuwa napanda nilikuwa nakiombea. Njoo sasa tuingie wote shambani."

Nilikuwa na majibu, tena ya kitabuni, yamejipanga. Sikuwahi kufikiria kwamba miaka yote niliyokuwa nakitetea kidole hiki, yeye alikuwa anakisubiri kipone. Nilikishika kwa mkono mwingine pale stendi, kikiwa na vumbi la chaki bado, nikamwambia nitakuja Jumamosi.