Rangi Iliyopotea Mukononi

Hapa Kabuta, kando ya ziwa, wanapaka boti rangi mupya. Harufu yake inanifikia nikianika samaki, na mukono wangu wa kushoto unasisimuka.

Nilikuwa mutoto bado. Baba alikuwa amezama, na ziwa halikumurudisha. Tulikuwa na picha yake moja tu, ya nyeusi na nyeupe. Mama akamuomba mama mudogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye boti, amuchore kwenye ubao, ili watu wanaokuja kumulilia wapate sura ya kutazama.

"Huyu ndiye alikamata ngozi ya baba yake, rangi ileile," mama akasema, akanisukuma mbele.

"Leta mukono, binti yangu," mama mudogo akaniambia.

Alichanganya rangi za boti kwenye kifuniko cha kopo, akanipaka kidogo. Ikatoka kama majivu.

"Nilitia nyeusi. Nyeusi inaua sura," akasema.

Akaanza upya: nyekundu, manjano, tone la bulu. Alipaka, akakunja macho, akaongeza. Sijaona tena jicho kama lile! Kila doa lilisogea karibu zaidi na ngozi yangu, mpaka la mwisho likaingia, lisionekane kabisa.

"Ni yeye," akasema, akaurudia ubao wake mbiombio.

Mama alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akanifuta doa moja moja. Lile la mwisho hakuliona. Akalitafuta kwa kidole, polepole, mpaka akagusa ubichi wake.

Akaweka kitambaa chini, akabaki ameushika mukono wangu.