Kung'arisha Meno mu Kabine ya Murara

Siku niliingia kazi, tulikuwa watu watatu mu kabine ya meno ya Murara. Docteur Espérance, munganga wa meno, njo alikuwa chef. Papa Sylvestre, bwana ya mudogo wangu Vénantie, alikuwa anachemsha vyombo. Ni yeye alinisemea kazi. Wa tatu ni mimi, Mama Immaculée, mujane, masomo niliishia ya tatu primaire.

Docteur alinipa taa nishike. Akaniambia: "Mama, kabla mutu hajafungula kinywa, umuulize alikunywaka maji ya wapi mu utoto."

Nilifikiri anacheza. Yeye mwenyewe akanielezea. Huku chini ya volcan, maji ya sehemu zingine inatoka mu mawe na fluor, madini ya mawe yale. Ikiwa kidogo inalinda meno. Ikizidi inayaharibu yangali ndani ya ufizi, na mutoto anaota meno ya madoa ya kahawia. Doa la chai liko juu ya jino, tunalitoa siku moja na brosi ya mashini. Doa la maji liko ndani. Linaomba dawa ya kuingia pole pole.

Kiisha akanipandisha kwa plâtre, unga mweupe unaochanganywa na maji na kuwa mugumu kama jiwe. Mugonjwa anauma pate laini kama donge la unga, inabakia alama ya meno yake, mimi ninamwaga plâtre ndani. Ikikauka, tunakandamiza juu yake plastiki ya moto, inatoka gouttière, kifuniko chembamba cha kipimo cha mutu yule peke yake. Anaitia jeli kidogo, ile dawa ya kung'arisha, kama punje ya muchele kwa kila jino, na kuivaa kwake nyumbani. Mikono ya Docteur ilikuwa mupole sana. Hata siku moja sikumuona analazimisha mudomo wa mutu.

Nisemee juu ya Solange. Alitoka Kibati, karibu na volcan, na mama yake, Mama Uwimana. Alikuwa karibu kuolewa, meno yake yalikuwa na madoa ya maji, na alikuwa anacheka kiganja juu ya mudomo.

Docteur akaangalia jino kwa jino. "Nani alisugua haya meno?"

"Ni mimi," Mama Uwimana akajibu. "Na ndimu, na muchanga wa volcan, ule wa kusugulia sufuria. Fika kwangu, Docteur, utajiona uso mu sufuria zangu."

Papa Sylvestre akachekea nyuma ya mulango.

"Sufuria ikitoboka utanunua ingine, mama. Meno Mungu anatoaka mara mbili tu," Docteur akamwambia.

Ngozi ngumu ya jino, ile wanaita émail, ilikuwa imeisha sehemu sehemu. Jeli ikigusa pale ingemuunguza kama moto. Docteur akasema hatatia dawa, kwanza meno yapumzike. Solange akalia.

"Docteur, tia tu. Nitavumilia."

"Leo utavumilia. Kiisha arusi utakula nini, uji?"

Mama yake akaingilia: "Na tena kwetu bibi-arusi hachekake, anainamisha uso. Meno ni ya nini siku ile?"

"Arusi ni siku moja, mama. Zingine zote nitaishi na ule mwanaume nikifunika mudomo?"

Munganga mwingine angetia, juu ya kuonekana fundi. Docteur alipakaa vernis, dawa ya kufunika na kulinda, pahali palipoisha, akamurudisha kila juma, mupaka maji ya baridi haikumuuma tena. Hapo njo akamupa gouttière na jeli ya nguvu kidogo. Kila akija, alimupa kioo na kipimo cha rangi, vile vijino vya mufano vilivyopangwa toka giza mupaka weupe, ajiangalie mwenyewe amefika wapi. "Nitakupa rangi moja kwa meno yote," alimwambia, "si rangi ya karatasi."

Arusi ikafika kazi ingali katikati. Tulialikwa, mimi na Docteur. Solange aliinamisha uso vile desturi inaomba. Wazee wakabishana juu ya ngombe za mahari, kwa muchezo wao, na mujomba wa bwana-arusi akasimama: "Musichana ni muzuri, lakini hatujamusikia. Akohoe hata kidogo, tujue hatupewi sanamu."

Solange akacheka. Mikono ilibakia magotini. Madoa mawili ya mbele yalikuwa yangali yanaonekana, na bwana yake akageuka kumuangalia, naye akacheka.

"Hayajamalizika," Mama Uwimana akaninongoneza.

Docteur akamusikia. "Mwache acheke, mama. Juma lijalo tunaendelea."

Leo magoti yamekataa kusimama, niko mu pumziko ya kazi. Wajukuu wananionyesha mu telefone unga wa kung'arisha meno kwa asubuhi moja. Ninawaambia watafute mutu wa kuangalia meno kabla ya kutia dawa. Docteur wangu aliweza kukataa, na kukataa kwake kulikuwa kazi kubwa kupita dawa.

Pengine hakuwa mujomba aliyesema yale maneno ya sanamu, alikuwa shemeji. Mwenye alikuwa pale anikosoe. Lakini mikono ya Solange magotini, hiyo niliiona, nilikuwa nimekaa karibu.