Mashua ya Kuokoa na Baba Mkwe

Niliposikia kwamba kuna watu wa mbali waliokaa kikao ili sisi tusife maji, kitu cha kwanza nilichohisi ni uchovu. Nilijua kuna kazi inakuja, na nilijua itamwangukia nani.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, kabla ya vita. Misheni yetu ilikuwa kwenye ardhi iliyoinuka kidogo, upande wa Ngonga, si mbali na ziwa, na kila masika mto ulivunja kingo na kuingia bondeni chini yake. Jumapili moja bwana misheni alitueleza kwamba kwao kuna chama cha hisani, cha wake wa mabaharia, wenye maduka, na mabibi waliopoteza watoto wao baharini. Wamesikia habari za mafuriko yetu, wakachanga. Wametuma mashua ya mbao yenye makasia, kamba ndefu, mablanketi, na pete kubwa nyeupe ambazo mtu akizishika hazami. Walitaka jambo moja tu kwetu: tujifunze kutumia vitu hivyo kabla maji hayajaja.

Walikuwa watu wema, sina neno juu yao. Ila wema wao ulikuwa na Jumamosi nyingi.

Kila Jumamosi alasiri kengele iligongwa na wote tukateremka mtoni kwa mazoezi. Wanaume walivuta makasia. Sisi wanawake tulipewa mablanketi na uji: tuwashe moto, tupike uji wa waliookolewa, tutandaze mablanketi ya waliookolewa. Hakukuwa na aliyeokolewa, kwa hiyo uji waliunywa wapiga makasia. Mablanketi hayakulowa, lakini tuliyafua vilevile, kwa sababu chama kilitaka yawe safi. Nimefua mablanketi yale makavu mpaka nikayachukia. Yalikuwa mazito kuliko ndama, na nyumbani palikuwa na mahindi ya kutwanga na mtoto anayenyonya.

Aliyeokolewa kwenye mazoezi alikuwa gunia la mchanga lililovikwa gauni kuukuu la mke wa bwana misheni. Walilitupa mtoni likiwa limefungwa kamba, mashua ikalifuata, wakalipakia, wakalileta kwetu tukalifunika. Lilikuwa gunia lenye adabu, likifanya kila lililotakiwa. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lote, maana gunia halina baba mkwe.

Inabidi nieleze, kwa kuwa hata mimi ilibidi nielezwe. Mimi ni mtu wa ziwani. Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na nimekua kwenye mchanga, kati ya nyavu na mitumbwi. Kwetu wakwe huheshimiwa, lakini hewa hubaki ya kuvuta. Nilipoolewa na Mnyakyusa, nikahamia kwenye migomba na ng'ombe, mama mkwe alinikalisha chini na kunifundisha upya jinsi ya kutembea. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hamsemeshi. Hatamki jina lake wala neno linalofanana na jina hilo. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia majanini, anajifunika nguo kichwani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Na mzee mwenye heshima hamvizii mtu: akikaribia mahali penye wake wa wanawe, anakohoa kwa sauti ili wapate nafasi ya kujificha. Baba mkwe wangu alikuwa na heshima kupita kiasi. Alikohoa toka mbali kiasi kwamba nilikuwa na muda wa kuipua chungu kabla ya kukimbia.

Ndiyo maana kule baba na mwana hawakai kijiji kimoja. Vijana wakikua wanajenga kijiji chao na kuoa huko, wazee wanabaki kwao. Kijiji cha wazee wetu kilikuwa juu, karibu na misheni. Sisi tulikuwa bondeni.

Sasa bwana misheni alitaka wapiga makasia wa namna gani? Watu wazima, waliobatizwa, wasiogusa pombe, wanaosikia kengele ikigongwa. Akawachagua wazee. Na kwenye usukani, nyuma ya mashua, akamweka baba mkwe wangu, kwa kuwa alikuwa mtulivu na mwenye macho makali. Ukiangalia sawasawa, maji yakija watakaozama ni wake wa wana, na watakaowafuata ni wakwe zao.

Kila mwanamke aliliona hilo siku ya kwanza. Bwana misheni alimaliza maelezo yake, akauliza kama kuna mwenye neno. Tukatazama chini. Nani angesimama mbele ya wazee hao hao na kusema, siwezi kupanda chombo alichomo fulani? Kulisema tu kungekuwa kumtaja. Wazee nao walijua, lakini mzee atawezaje kusimama hadharani na kuanza kuzungumzia mke wa mwanawe? Basi kila mmoja alinyamaza kwa adabu, bwana misheni akaridhika, tukarudi kwenye uji.

Masika yaliyofuata mume wangu hakuwepo. Serikali ilikuwa imewachukua vijana kwenda kubeba mizigo kule juu Tukuyu, na kijiji chetu kilibaki na wanawake na watoto. Mvua ilinyesha hadi tukaacha kuizungumzia. Asubuhi moja niliamka nikakuta maji ndani ya nyumba, yakigusa kitanda. Nilimfunga binti yangu mgongoni nikatoka, na nje hapakuwa tena na njia, ni maji ya rangi ya udongo yaliyokuwa yakipita kati ya migomba kana kwamba yana safari yao. Majirani walioishi upande wa juu walikuwa wameshakimbia. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, karibu na mto.

Nilipanda juu ya paa. Kuogelea najua, lakini si na mtoto mgongoni, na si kwenye maji yanayobeba magogo. Nikamhamishia mwanangu kifuani. Mvua haikukatika. Mwanzoni alilia, na kilio chake kilinisumbua kichwa. Halafu akaacha kulia, midomo ikabadilika rangi, na nikatamani kilio kile kirudi. Mianzi ya paa ilikuwa ikilegea chini yangu. Nilijua kwamba nyumba ikienda, mimi huenda nikafika mahali, yeye hatafika.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa.

Nilisikia kikohozi kabla ya makasia. Na nitasema ukweli wa miguu yangu: ilinivuta. Nilipanda ukingo wa juu wa paa, nikateremka upande wa pili, upande wa mto mkuu, penye hatari zaidi, nikajifunika nguo na kugeuza uso. Sikufikiri. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa vizuri.

Mashua ilifika. Nilisikia mbao zikigonga mianzi. Mpiga kasia mmoja aliita, "Mama, uko wapi? Tumekuja. Teremka na mtoto." Sikujibu. Akaita tena. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Unajua sababu." Walikuwa watu wazima walionyeshwa kila kitu: namna ya kutupa kamba, namna ya kumshika anayezama asikuvute. Lakini mwanamke ambaye hazami, aliyekaa upande wa pili wa paa kwa heshima, hawakuonyeshwa wamfanyeje.

Nilimtazama mtoto. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Nilijiambia, simama, uende, Mungu ataelewa. Nikajaribu. Nikabaki palepale, nguo usoni. Mpaka leo wajukuu huniuliza kwa nini. Wanasema wao wangeenda. Labda.

Kisha nikaisikia sauti ya baba mkwe kwa mara ya kwanza ikisema maneno na si kikohozi. Hakusema na mimi. Aliwaambia wenzake, polepole, "Nyinyi mmeupa mgongo upande wa mbele. Mtu akikaa mbele hamtamwona. Anayetazama mbele ni mimi peke yangu." Na ndivyo ilivyo kwenye mashua ile: wapiga makasia huketi wakitazama nyuma, na mwenye usukani tu ndiye anayewatazama watu wote. Halafu akasema, "Mimi sipo."

Nikasikia mtu anaingia majini.

Yule wa kwanza akaniita tena, safari hii bila haraka: "Mama, nyuma hapana mtu." Nikapanda ukingo, nikateremka, nguo usoni, nikiona miguu yangu tu, nikaingia upande wa mbele wa mashua na kulala chini na mtoto. Mmoja alinirushia blanketi bila kugeuka. Lilikuwa moja ya yale niliyoyafua likiwa kavu, na lilinuka sabuni. Nilimvingirisha mwanangu ndani yake. Nililia hapo, kwa sababu lilikuwa linapasha joto kweli.

Mashua isiyo na mtu kwenye usukani haiendi, inazunguka. Ile ilikwenda. Baba mkwe alikuwa ameshika ukingo wa nyuma, mwili wote majini, akiisukuma kwa miguu huku na huku ili isimame sawa kwenye mkondo. Nilijua kwa jinsi chombo kilivyotembea. Mtoto wa ziwani anajua mambo hayo. Njiani kulikuwa na kishindo kimoja nyuma, gogo likigonga, na sauti ya mtu aliyekatika pumzi. Wapiga makasia waliokuwa wakitazama upande huo walipunguza kasi. Akawaambia, "Vuteni." Wakavuta. Hakupewa ile pete nyeupe isiyozama. Ilikuwa mbele, miguuni pangu, na hakuna aliyethubutu kugeuka kuja kuichukua. Mimi ningeweza kuirusha. Lakini ningemrushia nani, kama nyuma hapana mtu?

Mwanangu alikunywa uji wa misheni na kupona. Nyonga ya mzee haikupona. Tangu siku ile alitembea kwa fimbo, akiuvuta mguu mmoja.

Bwana misheni, alipoelewa yaliyotokea, alihuzunika kweli, na nampa haki yake kwamba hakutucheka. Alibadilisha mpango. Wapiga makasia wakatoka vijiji vyote viwili, na wanawake wa ziwani wanaojua maji tukaulizwa kama tungekubali kwenda kuwachukua wanawake wenzetu. Nilikubali. Nilikwenda mara kadhaa katika masika mengine, na niliwapandisha wake wa watu waliokuwa wamejificha migombani kama nilivyojificha mimi. Chama kule kwao kiliarifiwa, kikafurahi, kikatuma mablanketi mengine. Tukayafua.

Kulikuwa pia na ibada ya shukrani. Bwana misheni alitaka tusimame mbele pamoja, mimi na mzee, watu waone. Mzee alitoka nje kwa mlango wa wanaume kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Nikasimama peke yangu na kumwinua mtoto. Niliambiwa niwashukuru wafadhili. Nikasema, "Ndaga fijo," asanteni sana, nikageukia dirisha, kwa kuwa sikujua Ujerumani iko upande gani. Niliwashukuru wake wa mabaharia na wenye maduka ambao sijawaona na hawatanijua. Kanisa zima likaitikia. Nilikaa chini nimechoka kuliko siku ya mafuriko, nikiwa na hasira, maana shukrani ile ilikuwa imekwenda mbali na kumruka mtu aliyekuwa ameegemea ukuta nje.

Mume wangu aliporudi kutoka Tukuyu, amekonda, mabega yamechubuka, nilimweleza yote. Nikamwomba jambo moja. Mimi siwezi kumsemesha baba yako. Wewe nenda, umwambie kwamba mke wako anasema ndaga.

Alikwenda. Alirudi jioni hiyohiyo, akakaa mlangoni.

"Amekataa," akasema. "Anasema kama unamshukuru, basi alikuwa pale. Na kama alikuwa pale, amekukosea heshima. Anakuomba usimfanye mtu aliyekukosea heshima."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Anasema nyuma ya mashua hapakuwa na mtu. Ndivyo ulivyoambiwa, na ndivyo ilivyokuwa."

Alikuwa ameniokoa, na sasa alikuwa ameniomba hicho tu, na kilikuwa kigumu kuliko kuokolewa.

Vita vilipokuja, askari waliichukua mashua kubebea mizigo yao ziwani, na makasia, nilisikia, yaliishia kwenye moto wa kupikia. Chama kile sijui kilifia wapi. Mzee alifariki mwaka ule Waingereza walipoingia. Wake wote wa wanawe tuliitwa msibani, tukakaa upande wetu nyuma ya nyumba, nguo vichwani. Binti yangu alikuwa amekua, akaketi karibu nami, akaniangalia kama anasubiri nilie kuliko wote. Nikalia kama walivyolia wenzangu, kiasi kilekile, kisha nikanyamaza waliponyamaza, kwa sababu kulia zaidi yao kungekuwa kusema kwamba siku ile, nyuma ya mashua, alikuwepo.