Nilimtegea Mwizi wa Pointi Zangu

Jumamosi moja saa nane mchana, watu arobaini walikufa mbele ya macho yangu ndani ya dakika nne. Mimi nikaagiza bakuli la pili la tambi.

Walikufa ndani ya gemu, msiogope. Ila furaha niliyoisikia ilikuwa ya kweli, na sioni haya kuisema.

Naitwa Dal-rae, nakaa Jeonju. Miaka mitatu nacheza gemu moja la mtandaoni la mapanga na uchawi, kwenye ukumbi wa kompyuta ulio chini ya kliniki ya meno. Kiongozi wa kundi letu, Beom-cheol, alikaa kiti cha jirani. Nilimwita kaka.

Wenzangu hupenda kuwapamba wahusika wao nguo. Mimi ugonjwa wangu ni pigo, yaani nguvu ya kumuumiza adui: pointi ngapi ziende kwenye nguvu, ngapi kwenye kasi, jiwe gani lichomekwe kwenye silaha.

Miezi saba nilihangaika na mhusika wa visu viwili ambaye kila mtu alimdharau. Mwishowe nikaupata mpangilio unaomfaa. Anachanja, adui anavuja damu, na kadiri damu inavyovuja ndivyo visu vinavyozidi kasi.

Nikamfundisha kaka kwa mdomo, kiti kwa kiti.

Wiki iliyofuata mpangilio wangu wote ulikuwa kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni, na jina lake juu. Wakaanza kumwita Mwalimu.

Nilipolalamika, akaniomba ushahidi mbele ya kundi zima. Sikuwa nao. Wakanifukuza kwa kosa la wivu. Asante ya punda ni mateke, lakini haya mateke yalipigiwa makofi.

Nikaanza kupika mtego.

Sisi wachezaji tuna ugonjwa mmoja. Ukitaka kujua mtu ana pigo kiasi gani, unamwambia apige sanamu la nyasi lililoko uwanja wa mji, kisha unatazama namba. Namba ikiwa kubwa, hatuulizi zaidi.

Sanamu halirudishi pigo. Hapo ndipo nilipomtegea.

Kuna jiwe moja linaloongeza pigo mara tatu maadamu hujaumia. Ukikwaruzwa tu, pigo linashuka mpaka robo. Maelezo yake ni mistari kumi na moja, na hilo sharti liko mstari wa tisa. Nani anasoma mstari wa tisa?

Nikajenga mhusika mzima juu ya jiwe hilo. Safari hii nilirekodi kila hatua, tarehe ikionekana. Kisha nikaenda kulitwanga sanamu uwanjani, ambako yeyote anaweza kumbofya mwenzake akaona silaha na pointi zake.

Siku ya tatu jina la Beom-cheol likasimama nyuma ya mhusika wangu. Likakaa dakika mbili, likaondoka.

Jumamosi asubuhi akautangaza mpangilio mpya wa Mwalimu. Vita ya kugombea ngome ilikuwa mchana. Watu arobaini wa kundi lake wakatumia karatasi yao ya kufuta pointi na kuzipanga upya, na karatasi hiyo hupatikana moja tu kwa msimu.

Mshale wa kwanza ulipowagusa, wote wakageuka mboga. Ngome waliyoishika mwaka mzima ikaenda.

Nilitazama nikiwa viti vitatu nyuma yake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilikunywa mchuzi mpaka tone la mwisho.

Kisha nikafanya kosa. Sikuweza kukaa na utamu ule peke yangu, nikaitupa video jukwaani: huu mtego ni wangu, tazameni tarehe, Mwalimu wenu ni mwizi.

Nikasubiri aaibike. Beom-cheol akasoma, akainuka, akaja kiti changu, akatabasamu.

"Umenisaidia sana, mdogo wangu."

Sikumwelewa. Akarudi kwake, akaandika ujumbe mfupi, na nikausoma kwenye kioo cha kompyuta yangu.

"Ndugu zangu, nakiri. Huu mpangilio niliuiba kwa Dal-rae, ushahidi wake ni wa kweli. Nilidhani na yeye anajua kazi. Wenyewe mmeona matokeo yake. Naomba radhi, msimu ujao tunarudi kwenye ule wangu wa visu viwili."

Wakamsamehe kabla bakuli langu tupu halijapoa. Wakamsifu kwa ukweli wake. Mmoja akaandika kwamba sasa imejulikana nani alibuni visu viwili, maana aliyejenga takataka ile ya jiwe hawezi kuwa ndiye.

Nilijibu mpaka vidole vikauma. Kila nilichosema, walinirudishia video yangu mwenyewe.

Nilitaka dunia ijue ni mwizi, na ikajua. Kaiba kibovu changu. Kizuri changu sasa ni halali yake.

Wewe unayepanga kisasi, nisikilize. Mwizi mtegee kwa kitu unachojivunia. Mimi nilimtegea kwa uchafu, na mpaka leo ukitafuta jina langu kwenye gemu lile, uchafu ndio pekee utakaoukuta.