Siku Baba Alipokataa Kujibu Amani

Nikiwa chuo kikuu niligombana na salamu za kwetu. Sisi Waborana huulizana amani, nagaa: ya mifugo, ya watoto, ya malisho. Kila swali hujibiwa nagaa, hata kama kuna msiba nyumbani. Habari mbaya huja baadaye, kwa sauti ya chini, kama inakuja. Niliwaambia wenzangu kuwa huo ni uongo uliovikwa adabu.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya themanini ulinirudisha Isiolo kwa likizo, nikamkuta baba amehamia mtaa wa Kiwanjani, kwa shangazi. Ng'ombe wetu wote walikuwa wamefia malishoni, Korbesa. Mtu wa kwetu akifilisika hivyo, ukoo humwanzishia upya. Kila aliye na uwezo hutoa mtamba, ng'ombe jike mchanga. Lakini aliyefilisika lazima aseme mwenyewe mbele ya watu kwamba hana kitu. Wengi waliona afadhali kuwa walinzi wa maduka ya mjini kuliko kusimama pale. Baba naye angenyamaza, ufugaji wetu ungeishia hapo.

Nilimshauri azungumze na mkuu wa ukoo faraghani. Kwa nini mtu aaibishwe hadharani ndipo asaidiwe? Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ng'ombe wangu walikunywa kisimani mchana, watu wakiwaona. Nitasemaje wamekufa nikiwa nimejificha?"

Tulikutana baada ya sala ya alasiri, uani kwa jamaa yetu. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, na mzee mmoja akauliza kama huko chuoni wanafundisha watu kutokaa chini. Watu wakacheka, nikakaa. Salamu zikazunguka, nagaa baada ya nagaa, hadi zikamfikia baba.

"Mifugo yako nagaa?"



"Sina mifugo," alisema. "Wa mwisho nilimshika kichwa mpaka akatulia. Naogopa, ndugu zangu. Sijui kuwa mtu bila ng'ombe."

Kisha akalia. Machozi yaliingia kwenye ndevu na hakuyafuta. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nilichunguza nyuso za wale wanaume nikitafuta dharau, maana nilikuwa na hakika nitaikuta. Sikuiona. Yule mzee aliyenitania alisema kwamba miaka ya mvua baba alikuwa akiwasifu ng'ombe wake mpaka watu wanasinzia, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikilizwa hadi mwisho. Baba alicheka huku akilia.

Ndipo mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa kanzu safi aliyekuwa amejibu nagaa kwa sauti kubwa kuliko wote, akaomba aulizwe tena. Yeye pia hakuwa amebakiwa na kitu. Alisema asingethubutu kama baba asingetangulia.

Mitamba iliyotolewa ikagawanywa kati yao wawili. Njiani nilimwambia baba kwamba ukweli wake umempunguzia ng'ombe. Halafu nikamuuliza kama hakuona haya.

"Niliona sana," alisema. "Wewe ulidhani aliyesema ni mtu asiye na haya?"

Mvua iliponyesha, baba na yule mfanyabiashara walirudi Korbesa pamoja, wakachunga kundi moja, kwa sababu ng'ombe wao wakitenganishwa wangekuwa wachache mno hata kuitwa kundi.