Siku Mama Alipomswaga Ng'ombe Bombay

Wiki iliyopita nilipita kwetu Usagara, nje ya Mwanza, na mtoto mgongoni, nikakuta palipokuwa na zizi letu pamejengwa fremu za maduka, moja ya baba mkubwa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akawaambia wateja wake, "Huyu ndiye aliyekula zizi zima." Amekuwa akisema hivyo tangu nina miaka tisa. Safari hii nilikasirika. Basi ngoja nikusimulie zizi lilikwenda wapi.

Nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Nikienda kisimani nilichuchumaa mara tatu njiani, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alipeleka maziwa kwa familia za Kihindi mjini Mwanza, na mteja wake mmoja, mwenye duka la vitambaa, akamwambia kwao India, mjini Bombay, kuna hospitali inayoziba matundu hayo. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza na kununua, lakini kikao cha ukoo kilikataa ng'ombe wauzwe.

"Shemeji," baba mkubwa alisema, "unao wasichana wengine wawili."

Alfajiri mama aliwaswaga ng'ombe wote hadi mnadani.

Bombay tulipewa kitanda hospitalini, ila tufike siku hiyo kabla ya saa kumi jioni. Tukichelewa anapewa mwingine, nasi tunarudi kwenye foleni ya miezi. Asubuhi hiyo mama akasema hatukusafiri kote huko kuja kutazama kuta, twende tukaone mji. Leo najua alitaka niuone, endapo nisingepona. Hakulitamka. Alinifunga mgongoni kwa kanga, mtoto wa miaka tisa, miguu inaning'inia. Watu walitukodolea macho sisi kuliko sisi tulivyolitazama lile lango kubwa la mawe kando ya bahari. Njiwa wakamchafulia kilemba. Akanunua kachori akifikiri ni kama zetu za viazi. Pilipili ikamtoa machozi, akaimaliza kwa ubishi. Nilicheka hadi pumzi ikakata, akaniteremsha nichuchumae.

Ndipo akamwona ng'ombe. Amesimama katikati ya barabara, magari yanampita huku na huku, kiwele kimejaa hadi chuchu zinadondosha maziwa. Mchungaji hayupo. Kwetu ukikuta ng'ombe peke yake ukampita, akipotea wewe ndiye utakayeulizwa.

"Mama, tutachelewa."

"Anaumia huyu. Na mwenyewe anamtafuta."

Akavunja kijiti, akapiga mluzi, akaanza kumswaga. Wanaume waliokuwa wakinywa chai wakamfokea, mmoja akamnyang'anya kijiti, kumbe kwao ng'ombe ni mtakatifu, hachapwi. Mama akawajibu kwa Kisukuma, lugha aliyoitumia kwa ng'ombe na kwa watu wakaidi, akaendelea kumsukuma kwa kiganja. Ng'ombe akakata kona, akakata nyingine, nasi nyuma yake, mpaka mama akakiri hajui tulikotoka. Saa nane ilikuwa imepita. Nikaanza kulia.

"Lia kidogo kidogo," akasema. "Pumzi unaihitaji."

Ng'ombe akasimama kichochoroni, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza mafungu ya majani. Wapita njia huyanunua wakamlisha ng'ombe wake, wapate thawabu. Kipande cha kamba iliyokatika kilikuwa bado mkononi mwake, na macho yamevimba. Alimkumbatia ng'ombe shingoni, kisha akaleta ndoo. Mama akachuchumaa upande mmoja, bibi upande wa pili, wakakamua, kila mmoja akiongea lugha yake, wakielewana vizuri kabisa.

Walipomaliza mama akatoa karatasi ya hospitali. Bibi hakujua kusoma. Akamwonyesha dereva wa teksi, akamwachia jirani ng'ombe, akapanda nasi. Tulifika karani akifunga daftari. Akatikisa kichwa. Bibi akamfokea kwa Kihindi, mama akamfokea kwa Kisukuma, hadi karani hakujua amjibu nani kwanza. Akalifungua.

Nilipona. Mama tulimzika miaka minne iliyopita, na ule mluzi wake sijausikia kwa mtu mwingine. Ng'ombe wa barabara ya Usagara siku hizi hupigiwa honi tu. Lakini nikimpeleka binti yangu kliniki, wakaniambia muda umekwisha, rudi kesho, sirudi. Nasimama pale dirishani hadi jina lake liandikwe.